Hadithi Iliyokwama Miaka Kumi na Sita: Dalili, Vyanzo na Namna ya Kuiamsha

Mwaka 2006 nilianza kuandika hadithi ya msichana aitwaye Sikudhani, anayetoka Muheza, mkoani Tanga, kwenda Kasulu, mkoani Kigoma, akiwa na kipande cha babu yake. Kipande ni ile kadi ya kazi ya mashamba ya mkonge: miraba 30, kila siku uliyofanya kazi inatiwa alama, na mshahara unapatikana miraba ikishajaa. Babu yake Sikudhani alikuwa manamba, yaani kibarua wa mkataba, Muha aliyeletwa Tanga enzi za Mwingereza, akakata mkonge mpaka mgongo ukapinda, na kwao hakurudi tena. Niliandika kurasa 91 kwenye kaunta buku, kwa kalamu ya bluu. Kisha nikaacha. Nililifungua tena daftari hilo mwaka 2022.

Miaka yote hiyo nilijiambia kwamba ilhamu imenitoka. Leo sisemi hivyo. Cherehani ikianza kukata uzi, fundi haitupi jalalani. Anabadilisha sindano, anatazama bobini, analegeza skrubu inayobana uzi wa juu, na mara nyingi inaanza kushona kabla hajamaliza kukagua. Hadithi iliyokwama nayo ina mahali palipoharibika, na ilhamu hurudi ukipapata hapo. Nimeanza na dalili kwa sababu aliyekwama haoni chanzo. Anachokiona ni dalili tu, na kila dalili anaiita kwa jina moja: "siwezi tena."

Kabla ya kugusa chochote

Piga picha kila ukurasa kwa simu, uzihifadhi mahali pawili. Daftari la zamani ni chakula cha mchwa, na wino wa kalamu ya bei nafuu hufifia. Kama uliandika kwenye kompyuta, nakili faili kwanza, ndipo ufungue ile nakala. Usifungue faili lenyewe.

Halafu, kabla hujasoma hata mstari mmoja, mtafute mtu umsimulie hadithi hiyo kwa mdomo, kama unavyoikumbuka. Hatua hii naithamini kuliko zote zinazofuata. Kumbukumbu ya miaka mingi ni chekecheke. Kilichobaki humo ndicho kilichokuwa na uzito.

Mimi nilimsimulia mtoto wa kaka yangu, msichana wa kidato cha tatu, tukiwa tunachagua mchele barazani. Nilipomaliza nikagundua nimetaja mambo matatu tu: kile kipande, usiku wa Tabora ambapo Sikudhani anaibiwa pesa zote za safari, na mwanamke mzee anayemfungulia mlango kule Kasulu. Sikumtaja kabisa yule mchumba wa Dar es Salaam niliyempa kurasa 26. Sikumtaja kwa sababu sikumkumbuka. Niliposoma daftari nikakutana naye kama mgeni, nikamtoa, na hakuna kilichovuja.

Dalili: msikilizaji anauliza swali dogo, hadithi inaporomoka

Msichana yule alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Lakini shangazi, kwa nini mama yake asimtumie hela kwa simu?"

Sikuwa na jibu. Sura nzima ya nne imesimama juu ya siku tatu ambazo Sikudhani anakaa kwenye stesheni ya Tabora akingoja pesa. Nilipoandika, hilo halikuhitaji maelezo. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kwetu Tanzania mwaka 2008. Mwaka 2006 pesa ilisafiri na mtu, au na kondakta wa basi, au kwa posta. Maisha yalibadilika nami nikabadilika nayo, lakini hadithi ilibaki mle daftarini ikiamini kila msomaji anajua.

Chanzo ni kwamba hadithi haina tarehe. Ulipoandika uliandika "sasa", na ile sasa imeshakuwa zamani. Hapo una njia mbili, na usijaribu kuzichanganya. Unaweza kuihamishia hadithi siku za leo, kisha utafute kizuizi kipya chenye nguvu ileile: simu imeibiwa pamoja na mkoba, laini imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine, namba ya mama haikumbuki kwa sababu siku hizi hakuna anayekariri namba. Ama unaipigilia msumari katika mwaka wake.

Mimi nilichagua msumari. Nikaandika juu ya ukurasa wa kwanza: Agosti 2006. Tangu nilipoandika maneno hayo mawili, mambo yakaanza kuja yenyewe, mengine sijayawaza kwa miaka mingi. Mwaka ule mvua ziligoma, mabwawa ya umeme yakakauka, tukaishi kwenye mgao. Kwa hiyo Tabora yangu iliyokuwa na taa ikazimwa, na muuza chai wa stesheni akapata koroboi. Mtandao ambao leo ni Airtel ulikuwa bado Celtel. Mia tano ilikuwa noti yenye picha ya nyati, maana sarafu yake ilikuja mwaka 2014. Vocha tulikwangua kwa kucha. Halafu nikajiuliza kwa nini mama hakutuma kwa hawala ya posta, na kalenda ikanijibu: Sikudhani anaibiwa Ijumaa jioni, na mama anaweza kuifikia posta ya Muheza Jumatatu tu. Zile siku tatu ambazo mwaka 2006 nilizichagua bila kufikiri zikapata sababu yake.

Kwa hiyo, ukikosa cha kuandika, tafuta tarehe. Andika orodha ya vitu vilivyokuwapo mwaka ule na leo havipo: bei ya nauli, aina ya simu, wimbo uliokuwa ukipigwa kwenye daladala, kilichokuwa kikizungumzwa kijiweni. Nusu ya orodha hutaitumia. Nusu ya pili itakuandikia sura.

Dalili: unasoma kurasa mbili, unaona aibu, unafunga

Hii ndiyo inayowarudisha wengi kabatini. Unakuta sentensi kama hii ya kwangu: "Machozi yalimbubujika mithili ya maporomoko ya maji yasiyo na kikomo." Nilikuwa na miaka 24, na nilidhani huzuni hupimwa kwa lita.

Aibu hiyo ni ushahidi kwamba jicho lako limekua. Lakini jicho lililokua lina kosa lake: linahukumu hadithi kwa sentensi zake. Sentensi mbaya hurekebishwa kwa asubuhi moja. Tenganisha mambo mawili kwa kalamu mbili. Kwa kalamu nyekundu piga mstari chini ya sentensi zinazokuudhi, uziache zilivyo. Kwa kalamu ya kijani weka nukta pembeni kila unaposahau kwamba unasoma maandishi yako mwenyewe. Kwangu nukta za kijani zilikuwa 14 katika kurasa 91, na 9 kati yake zilikuwa Tabora. Basi nikajua moyo wa hadithi unapiga wapi.

Na usiwe mwepesi wa kufuta vitu vilivyokaa bila sababu. Kipande cha babu yake Sikudhani nilikiandika kina alama 27, miraba mitatu iko mitupu. Sikumbuki kwa nini niliandika 27. Hakuna mahali nilipoeleza. Nilitaka kukijaza, maana kipande kisichojaa hakilipwi, na kwa nini mzee ahifadhi kadi isiyo na thamani? Nikaacha swali likae. Wiki kadhaa baadaye, nikiwa nanakili sura ya Tabora, mkono ukasimama: siku tatu za stesheni. Mjukuu alikuwa anamalizia kipande cha babu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeviweka vitu hivyo viwili daftarini bila kuviunganisha, na vilikuwa vimengojana miaka 16.

Dalili: hadithi imekatika katikati ya tukio na hujui kinachofuata

Ukurasa wangu wa 91 unaishia hivi: "Mlango ukafunguliwa. Mwanamke mzee akasimama kizingitini, akamtazama Sikudhani, kisha akatazama kile." Hakuna neno baada ya "kile".

Waandishi tuliokwama hapa huwa tunakosea namna moja. Tunakodolea macho neno la mwisho, siku baada ya siku, kama vile neno linalofuata limejificha nyuma yake. Bomba likikosa maji jikoni, fundi haangalii koki peke yake. Anafuata mpira kurudi nyuma hadi penye tundu. Fanya hivyo. Rudi ukurasa mmoja, jiulize mhusika alitaka nini hapo. Rudi mwingine, uliza tena. Utafika mahali ambapo jibu si lake. Ni lako, ulimlazimisha kwa sababu ulihitaji afike mahali fulani. Tundu liko hapo, na kwa kawaida liko mbali na pale ulipokwama.

Langu nililikuta ukurasa wa 73. Huko Sikudhani yuko kwenye treni, anajiambia kwamba anakwenda Kasulu "kuwafahamisha ndugu kwamba babu amefariki". Nilipoisoma sentensi hiyo tena, nikaona ni uongo. Msichana hasafiri nchi nzima kupeleka habari ambayo ingepelekwa kwa barua. Alikuwa anataka kujua kitu. Nami nilikijua, na nilikuwa nakizunguka.

Dalili: unajua kinachofuata, lakini mkono hautaki

Mwanamke wa mlangoni ni mke wa kwanza wa babu. Mzee alimwacha Kasulu alipochukuliwa kwenda mkongeni, akaoa tena Muheza, akazaa, akazeeka, akafa. Hicho ndicho nilichokuwa nakizunguka. Na nilikizunguka kwa sababu babu yangu mimi, mzaa baba, alikuwa Muha, alikuja mkongeni, akaoa Muheza, na hakurudi. Minong'ono ya mke wa Kigoma niliisikia tangu utoto, watu wazima wakiongea jikoni na kunyamaza mtoto akiingia.

Chanzo hiki ndicho kigumu kuliko vyote: unamlinda mtu. Wakati mwingine ni mzazi, wakati mwingine ni wewe mwenyewe. Hadithi inafika kwenye ukweli fulani, inakuangalia, inauliza kama una ruhusa, nawe unaweka kalamu chini, kisha unasema ilhamu imekwisha. Ukiona umeacha kuandika ghafla, katikati ya sentensi, bila ugonjwa wala msiba wala kazi mpya, chunguza hili kwanza.

Sitakwambia uandike tu, wasomaji wa nyumbani watajijua. Watu wana heshima yao, na wafu nao wanayo. Kuna wanaobadilisha majina, mkoa na kabila mpaka hata ndugu hatambui. Kuna wanaongoja miaka, na kungoja si woga. Lakini kabla ya yote, nenda ukaulize. Tunamlinda mtu kwa siri ambayo pengine si siri.

Nilikwenda Muheza kwa shangazi yangu, mtoto wa kwanza wa babu. Nilimkuta anamenya muhogo. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nikakaa kwenye kigoda, nikazunguka sana, mwishowe nikasema, "Shangazi, nataka kuuliza habari za babu na yule mama wa Kigoma."

Hakuacha kumenya. "Kwani wewe ulidhani hatujui?"

"Nilidhani bibi hakujua."

"Mama? Mama ndiye aliyekuwa akimkumbusha. Kila akipatikana mtu wa kwenda Kigoma, mama ananiambia, kamwambie baba yako kuna mtu anasafiri, ampe salamu za kwao. Baba anapeleka salamu. Kama zilifika, Mungu ndiye ajuaye." Akaosha kisu, akakiweka. "Na alipokufa, mama ndiye aliyesema litolewe tangazo redioni. Wakasoma na jina la yule mama. Habari ziwafikie."

Wanaokumbuka redio ya taifa ya miaka ile wanaijua sauti hiyo. Matangazo ya vifo yalisomwa taratibu, jina la marehemu, mahali pa mazishi, halafu orodha ndefu ya watu na mikoa: habari ziwafikie fulani wa mahali fulani, na fulani popote alipo. Nchi nzima ilinyamaza kusikiliza kama jina lake limo.

Nilirudi na basi la jioni nikiwa na hadithi nzima mkononi. Mwanamke wa Kasulu anajua. Alisikia jina lake likisomwa redioni usiku, akiwa peke yake, likisomwa kama jina la mfiwa. Kwa miaka yote ile alikuwa mke aliyesahauliwa, na mke mwenzie asiyemjua akamtambua mbele ya taifa zima. Sikudhani anapofika mlangoni na kipande chake, hana cha kufichua. Yeye ndiye atakayeambiwa. Nilichokiogopa kukiandika hakikuwapo kabisa, na kilichokuwapo kilikuwa kizuri kuliko nilivyoweza kubuni.

Ruhusa niliiomba kabla sijaondoka. Shangazi aliuliza swali moja tu: "Mama utamwandika vizuri?"

Dalili: unakaa mezani, karatasi nyeupe, hakuna kinachokuja

Kama umeshakagua yote ya hapo juu na bado pakavu, huenda kweli unachohitaji ni muda na mahali. Mark Twain, Mmarekani, alianza mwaka 1876 riwaya yake ya mvulana na mtumwa mtoro wanaoshuka mto Mississippi kwa chelezo. Akakwama, akaiweka kando, akaandika vitabu vingine, na aliimaliza mwaka 1883. Wanaosimulia habari zake hupenda kusema aliiacha mpaka ikajijaza yenyewe kama tangi. Naona wanasahau jambo moja: mwaka 1882 alipanda meli, akausafiri mto huo tena baada ya miaka mingi ya kuwa mbali nao. Tangi lilipelekwa mtoni.

Kwa hiyo nenda mahali pa hadithi yako, au karibu napo kadiri nauli itakavyoruhusu. Kasulu sikuweza wakati ule. Kambi za mkonge niliziweza. Usiende na orodha ya maswali. Nenda na pua na masikio. Mimi nilikuwa nimeandika mkonge kama mtu anayeuona kupitia dirisha la basi: mistari ya kijani hadi milimani, na milingoti ya maua imesimama. Nilikuwa nimesahau harufu ya makapi yanayotoka korona, ile mashine inayochuna majani. Katika jani zima, singa, zile nyuzi zenyewe, ni kama asilimia 4 tu ya uzito, mengine yote ni maji na nyama ya jani, na hayo hutupwa na kuoza. Mtu anayefanya kazi hapo huenda nayo nyumbani kwenye ngozi. Babu yake Sikudhani hakuwa na harufu hata moja katika kurasa 91.

Jambo la pili nililipata kwa mzee mmoja niliyemkuta amekaa chini ya mwembe. "Shikamoo babu." "Marahaba mjukuu wangu. Wa nani wewe?" Nikamtajia jina la babu yangu. Hakuuliza kijiji, hakuuliza kabila. Aliuliza, "Alikuwa kambi gani?" Hapo hapo nikapata maneno ya kwanza ya Sikudhani pale mlangoni. Nilikuwa nimemwandalia hotuba. Sasa anataja jina la babu na jina la kambi, basi.

Dalili: unasoma sana, huandiki

Utafiti ni mtamu, nami nilizama. Nilijua kwamba mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na kwamba katika miche yote aliyoagiza iliyofika hai ni 62, nayo ikawa mama wa mashamba yote. Nilijua kwamba mwaka 1964 Tanzania ilitoa zaidi ya tani 200,000 za singa, halafu kamba za plastiki zikaua bei na mashamba yakageuka vichaka. Nilijaza nusu ya kaunta buku jipya. Hadithi haikusogea hata ukurasa.

Chanzo chake kwa kawaida ni ile hofu ya mkono usiotaka, niliyoieleza juu, imevaa miwani. Kipimo ninachotumia: je, jambo hili linabadilisha anachofanya mhusika leo asubuhi? Kuanguka kwa bei ya mkonge kulibadilisha. Kulieleza kwa nini mzee alibaki kambini hata baada ya kazi kwisha: hakuwa na nauli wala cha kupeleka kwao, na mwanamume wa rika lake asingeingia kijijini mikono mitupu. Miche 62 haikubadilisha kitu. Naipenda sana habari ya ile miche, na haimo.

Dalili: umeanza tena, lakini panaonekana pameandikwa na watu wawili

Ni kweli, mmeandika wawili. Mmoja ana miaka 24, mwingine 40. Tiba niliyoipata ni ya mikono: usibandike kurasa mpya mwisho wa zile za zamani. Nakili hadithi yote upya tangu neno la kwanza, kwa kalamu au kwa kuchapa, hata pale ambapo hubadilishi kitu. Ni kazi ya kuchosha. Mimi ilinichukua miezi miwili, saa moja kila alfajiri. Lakini kufika ukurasa wa 91 nilikuwa na mwendo wake kwenye vidole, na neno lililofuata "kile" lilikuja kabla sijalitafuta. "Kipande," ndilo lilikuwa. Ni kweli, jepesi hivyo.

Sauti ya yule wa miaka 24 usiimalize yote. Ana haraka, ana hasira na wazee wanaonyamaza jikoni. Nilimwachia Sikudhani hasira hiyo, maana kwa umri wangu nisingeweza kuibuni tena. Msimulizi ndiye aliyezeeka.

Na kama haiamki?

Inatokea. Nina nyingine ya mwaka 2009, ya wavuvi wawili wa Pangani, na nimeikagua kwa kila njia niliyoitaja. Haina tundu. Nilikuwa naitaka kwa sababu ya mtu ambaye simtaki tena. Hiyo niliivunja, nikachukua dau moja, dhoruba moja na bibi mmoja muuza samaki anayeongea vizuri sana, nikaviweka kwenye bahasha. Yule bibi ndiye sasa muuza chai wa Tabora.

Hadithi ya Sikudhani ilifika mwisho mwezi wa Februari, kurasa 203. Sijaipa jina bado. Nimejaribu manne na yote yanasema mno. Mswada uko Muheza. Macho ya shangazi hayasomi tena maandishi madogo, basi mtoto wa kaka yangu, aliye likizo, anamsomea baada ya Isha, kurasa tano tano. Jana usiku amenipigia kunieleza kwamba wamefika Tabora, umeme umekatika, na shangazi amesema wasilale mpaka wajue kama posta itafunguliwa.